Kadi za Wana wa Gusii

Zamani pakiti ya majani chai ilikuja na zawadi ndani. Mwaka 1954 kampuni ya Brooke Bond, ambayo wakati huo ilikuwa na mashamba makubwa kule Kericho, ilianza kutia kadi ndogo ya picha katika pakiti zake zilizouzwa Uingereza. Ilianza na ndege, kisha wakafuata wanyama wa Afrika, vipepeo, maua na magari. Kadi nyingi za miaka ya mwanzo zilichorwa na Charles Tunnicliffe, fundi ambaye kila unyoya aliupa haki yake. Mtoto aliyekosa kadi moja aliomba chai ya nyumbani iishe upesi ili pakiti nyingine ifunguliwe. Hapa Kebirigo, Nyamira, ambako kiwanda cha majani chai kiko jirani na boma baada ya boma lina michai yake, kisa hiki kinatuhusu kuliko tunavyodhani. Zao tunalolichuma kwa mikono ndilo lililozifikisha kadi hizo majumbani mwa watu.

Marekani kadi zilipitia njia nyingine. Mwanzoni zilikaa katika pakiti za sigara. Ile ya Honus Wagner, mchezaji wa besiboli, ilitolewa kati ya 1909 na 1911, na kwa kuwa zilizobaki ni chache mno, leo moja huuzwa kwa mamilioni ya dola. Baadaye zikahamia kwenye chingamu. Mwaka 1952 kampuni ya Topps ilitoa seti ya kadi 407: mbele sura ya mchezaji na nembo ya timu, nyuma mahali alipozaliwa, kimo chake, na alichofanya uwanjani msimu uliotangulia na tangu aanze kucheza. Bei za mnadani hazinisisimui hata kidogo. Kinachonivuta ni upande wa nyuma. Aliyebuni kwamba nyuma ya kila uso kuwe na hesabu ya kazi ya mtu huyo alitupa namna ya kumheshimu mtu kwa ukweli, pasipo maneno mengi.

Baada ya miaka ya kutafuta seti za kampuni, wakusanyaji wengi huko hufika mahali wakaziacha, kila mmoja akaanza kuunda seti yake. Huyu anakusanya wachezaji wa mji wake tu, yule anakusanya walinda lango, au watu wa kabila moja, kutoka miaka tofauti na kampuni tofauti, maadamu sheria aliyojiwekea haivunjwi. Sanaa yote iko katika sheria hiyo. Seti ya kampuni inakwambia nani ameingia. Seti yako inakulazimu uamue mwenyewe, na ujibu mtu akikuuliza kwa nini.

Sheria yangu ni fupi: Mgusii aliyeivaa jezi ya Kenya au aliyetufanya tusimame uwanjani. Namba moja ni Naftali Temu, na sidhani kuna atakayepinga. Mwana huyu wa Nyamira, askari wa jeshi, ndiye Mkenya wa kwanza kabisa kushinda dhahabu ya Olimpiki. Ilikuwa Mexico City mwaka 1968, katika mita 10,000, kwenye hewa nyepesi ya zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia mwishoni kabisa, akamaliza kwa dakika 29:27.40. Siku chache baadaye akaongeza shaba ya mita 5,000. Miaka miwili kabla ya hapo, kule Kingston, Jamaika, alikuwa amemshinda Ron Clarke wa Australia katika maili sita, na Clarke ndiye aliyeshika rekodi ya dunia. Vijana wengi wanaopita hapa sokoni wanajua mshahara wa mchezaji wa Arsenal, lakini Temu hawamjui. Hilo linaniuma.

Yobes Ondieki yumo pia. Julai 10, 1993, mjini Oslo, alikimbia mita 10,000 kwa 26:58.38, akawa binadamu wa kwanza kushuka chini ya dakika 27. Nyuma ya kadi yake nimeandika muda huo na bingwa wa dunia wa mita 5,000, Tokyo 1991, basi. Henry Motego wa timu ya mpira ya Shabana yumo. Timu hiyo iliporudi Ligi Kuu mwaka 2023 nilimtengenezea kadi ya pili, kwa furaha tu.

Dukani kwetu huwezi kununua pakiti ya kadi hizi, kwa hiyo kila moja lazima itengenezwe. Natumia boksi la majani chai, lile gumu, nalikata milimita 64 kwa 89, kipimo ambacho Topps wamekitumia tangu 1957. Rula iwe ya chuma na wembe uwe mpya. Unapitisha wembe mara mbili tatu kwa wepesi. Ukikandamiza mara moja kwa nguvu, ukingo unachanika. Picha hutoka katika magazeti ya zamani, na hayo hupatikana popote: kwa muuza nyama anayefungia, kwa mwalimu mstaafu aliyeyarundika darini, au katika maktaba ya McMillan jijini Nairobi, ambako unaomba nakala. Gundi ya seremala naizimua kwa maji, naipaka kwenye boksi wala si kwenye picha, kwa sababu karatasi ya gazeti ikilowa hujikunja na kuchanika upesi. Kisha kadi inalala chini ya kitabu kizito hadi asubuhi. Upande wa nyuma naandika kwa mkono, na hakuna namba inayoingia kabla sijaikuta mahali pawili.

Mzee mmoja jirani yetu alizikuta mezani, akaishika ile ya kwanza. "Kijana wangu, huyu ni Temu. Siku ile tulijazana kwenye redio ya mwenye duka." Akakaa, chai ikaletwa, na yaliyofuata yalijaza kurasa za daftari langu.

Ninayemstahi zaidi katika kazi hii ni Jefferson Burdick wa Syracuse, New York. Viungo vyake viliharibiwa na baridi yabisi, hata kushika gundi na karatasi kukawa mateso, lakini tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 alizibandika kadi zake kwenye albamu za jumba la makumbusho la Metropolitan, zaidi ya 300,000, akamaliza mwanzoni mwa 1963 na kufariki miezi michache baadaye. Orodha ya kadi aliyoitunga ndiyo wakusanyaji wanayoifuata mpaka leo.

Sasa kuna kadi moja iliyonisumbua. Septemba 10, 1972, Munich, Kenya ilishinda dhahabu ya kupokezana vijiti, 4 kwa mita 400. Charles Asati alianza, Hezahiah Nyamau akapokea, kisha Robert Ouko, na hao wote ni wana wa Gusii. Kijiti cha mwisho kilikuwa cha Julius Sang, Mnandi, yaani Mkalenjin. Kwa sheria yangu, Sang hana nafasi. Huku kwetu jambo hilo lina uzito, maana kwenye mpaka wa Chebilat Wagusii na majirani zao Wakalenjin wamewahi kuchomeana nyumba. Nilijaribu kadi tatu peke yake, nikazipanga, nikazitazama. Ouko anampa nani kijiti? Nimeipanua sheria: aliyepokea kijiti kutoka mkononi mwa Mgusii anaingia. Sang ni namba tano, baada ya Ouko, na muda wa 2:59.83 umeandikwa nyuma ya kadi zote nne.

Picha ya Nyamau niliyonayo ni nakala ya nakala, macho hayaonekani. Kama nyumbani kwenu, iwe Suneka, Manga au Keroka, kuna magazeti ya Septemba 1972, tafadhali msiyawashie moto wa jikoni kabla sijafika kuyaona.