Mifereji Isiyo na Mfalme

Katika *Oriental Despotism* (1957), Karl Wittfogel anadai kuwa penye ukame, mifereji mikubwa ya umwagiliaji hudai mamlaka kuu ya kuisimamia, na mamlaka hayo huzaa utawala wa kiimla. Hoja inavutia, lakini inakwama Marakwet, Kenya. Huko, mifereji inayoteremsha maji hadi Bonde la Kerio imechimbwa, ikakarabatiwa na kugawiwa zamu na koo kwa vizazi vingi, bila mfalme. Hata hivyo, tusishangilie haraka. Kikaoni walisema wanaume. Mwanamke aliyeyasubiri maji hayo shambani hakuwa na sauti. Basi maji haba yakigawanywa, tusiulize tu nani anatawala. Tuulize pia nani hakuitwa.