Mashine, Kanuni na Uamuzi wa Msanii

Tangu kale sanaa imetegemea mambo matatu: jicho la kuona, moyo wa kuamua na mkono wa kutenda. Vyombo vya kazi vimebadilika mara nyingi, kutoka tezo hadi msumeno wa umeme, kutoka kalamu ya mwanzi hadi mashine ya chapa. Lakini mambo hayo matatu yalibaki kuwa ya mtu. Katika zama hizi roboti zimeuchukua mkono, na mitambo ya akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde, yadai kuwa na jicho. Wako wanaoshangilia kwamba msanii amepumzishwa, na wako wanaolia kwamba amezikwa. Makala hii haikusudii kushangilia wala kulia. Yakusudia kuuliza juu ya lile jambo la kati: katika kazi hizi mpya, uamuzi umebaki kwa nani?

Sisi tuliolelewa katika ushairi wa Kiswahili tumelizoea swali hilo. Kila mwanafunzi wa sekondari hujua kwamba tarbia ina mishororo minne katika ubeti, na kwamba mara nyingi mshororo huwa na mizani 16, nane huku na nane huku, pamoja na vina vya kati na vya mwisho. Mtunzi aweza kuyatimiza yote hayo asikosee hata silabi moja, na bado shairi lake likawa kavu mithili ya kuti. Kanuni hazijui kwa nini neno hili litangulie na lile lingoje. Kwa hiyo mashine ikipanga vina leo, tusistaajabu. La kustaajabisha lingekuwa kuikuta imeona uchungu wa kulifuta neno zuri kwa sababu si la kweli.

Tuanze na uchoraji. Harold Cohen, mchoraji aliyezaliwa London mwaka 1928, aliiwakilisha Uingereza katika maonyesho ya Venice mwaka 1966, kisha akahamia California. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alianza kutunga programu ya kompyuta aliyoiita AARON, akaiendeleza hadi alipofariki mwaka 2016. Hakuilisha picha za watu wengine. Aliandika mwenyewe kanuni za mchoro, moja baada ya nyingine: kwamba mstari uliofungwa hutenga ndani na nje, kwamba umbo la mbele huficha la nyuma. Kwa miaka mingi mashine ilichora mistari, naye akatia rangi kwa mkono wake. Tukizitazama kazi hizo twaona mawazo ya mtu mmoja aliyejadiliana na chombo chake kwa zaidi ya miaka 40. Ni kama malenga aliyejitungia arudhi yake. Uzuri wake una mwenyewe, na kasoro zake zina mwenyewe.

Sasa tulinganishe na picha iitwayo "Edmond de Belamy", iliyouzwa na nyumba ya mnada ya Christie's mjini New York mwezi Oktoba 2018 kwa dola za Kimarekani 432,500, ingawa ilikadiriwa kupata kati ya dola 7,000 na 10,000. Iliandaliwa na kikundi cha Kifaransa kiitwacho Obvious. Mashine ilifundishwa kwa picha 15,000 za watu zilizochorwa kati ya karne ya 14 na ya 20, na mahali pa sahihi pakawekwa kipande cha fomula ya hesabu. Wengi waliistaajabia bei. Lakini mhakiki hapimi kwa bei. Akiitazama picha yenyewe, aona bwana wa Kizungu aliyevaa nguo nyeusi, na uso wake umefifia. Kwa mchoraji, uso uliofifia waweza kuwa maombolezo, au aibu, au kusahauliwa. Hapa ukungu ule waonyesha tu mahali ambapo uwezo wa mashine ulikomea. Ni kweli waandalizi waliichagua picha, na kuchagua ni uamuzi. Lakini ni uamuzi mdogo, na ile fomula mahali pa sahihi yaufanya mdogo zaidi, kwani yawaficha walioamua.

Katika usanifu wa majengo kipimo ni kile kile. Mwaka 2006, huko Fläsch, Uswisi, wasanifu Gramazio na Kohler walitumia mkono wa roboti kupanga matofali ya kuta za jengo la mvinyo la Gantenbein. Yalikuwa matofali takriban 20,000, kila moja likigeuzwa kwa pembe yake, hata ukuta ukitazamwa kwa mbali huonekana kama kikapu kilichojaa zabibu. Na nafasi kati ya matofali hupitisha mwanga na hewa. Ni vigumu mno kwa mwashi mwenye timazi na uzi kukadiria pembe nyingi kiasi hicho. Roboti ilitenda, lakini zabibu, mwanga na hewa viliamuliwa na watu waliojua jengo ni la nini. Mkono ulibadilika, uamuzi haukuhama.

Ujenzi wa mitambo umekwisha kufika pwani ya Afrika Mashariki. Huko Kilifi, Kenya, kampuni ya 14Trees ilipandisha kuta za nyumba za kwanza za mradi wa Mvule Gardens, uliopangiwa nyumba 52, kwa mtambo unaomimina zege tabaka juu ya tabaka. Mtambo wa namna hiyo hupandisha kuta. Paa, milango na madirisha bado hungoja mafundi. Kwa nchi zenye upungufu wa nyumba na madarasa, faida ya kasi hiyo si haba. Hata hivyo, tuzikumbuke nyumba za mawe za Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Kuta nene za matumbawe na chokaa huzuia joto. Baraza hukaribisha mgeni bila kuifunua nyumba. Zidaka hupamba ukuta wa ndani. Kila kimoja ni uamuzi uliofikiwa na vizazi juu ya namna watu wanavyopenda kuishi. Mtambo haulikatai baraza, wala haulidai. Basi baraza likisahauliwa, kosa litakuwa la aliyechora ramani na la aliyeipokea asiulize.

Limebaki suala la malighafi, nalo ndilo zito kuliko yote. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za baiskeli juu ya vibao vya bei nafuu. Alifariki mwaka 1972, lakini alikuwa amewafundisha jamaa na vijana wachache, nao wakafundisha wengine. Leo mtu aliye mbali aweza kuiandikia mashine maneno machache, akaletewa chui na ndege kwa mtindo huo huo. Mashine imejifunza wapi? Mwaka 2022 ilitolewa hazina iitwayo LAION-5B, yenye jozi bilioni 5.85 za picha na maelezo kutoka intaneti, na sehemu zake zikatumika kuufundisha mtambo wa Stable Diffusion. Waliozichora hawakuulizwa. Vijana wa Tingatinga nao waliiga. Lakini walikaa na mwalimu wao, wakajifunza kwake, na hadi leo wanalitaja jina lake. Mashine huchukua bila kukaa na mtu, na sheria za hakimiliki kwa kawaida hulinda kazi, hazilindi mtindo. Walakini mwezi Machi 2025 mahakama ya rufani mjini Washington ilishikilia kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haipewi hakimiliki. Hata sheria, basi, yamtafuta mwenyewe.

Mwalimu afanye nini darasani? Mwanafunzi akileta shairi au mchoro uliosaidiwa na mashine, asifukuzwe wala asisifiwe upesi. Aulizwe: Kanuni hizi kaziweka nani? Malighafi hii ni ya nani? Kwa nini umelikubali hili ukalikataa lile? Akishindwa swali la tatu, kazi hiyo si yake. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hupona akiwapo nyumbani. Kwa hiyo vyuo vyetu vifundishe mwiko na timazi pamoja na programu za kompyuta, na shule zifundishe arudhi kabla ya kuikabidhi kwa mashine. Kwani asiyejua ukuta unavyosimama hawezi kumwamuru anayeujenga.