Ua Lisilojibu Swali

Mwaka jana niliwaalika wenzangu saba kula chakula cha usiku kwangu, Vuga. Ni walimu tuliofundisha pamoja katika chuo cha ualimu. Tulikuwa wengi zamani. Hao saba ndio waliobaki wanaoweza kupanda ngazi zangu.

Binti yangu, aliyekuja likizo kutoka Maskati, akaniambia, "Baba, meza ya wageni haikamiliki bila ya ua la kati." Nikaenda kuagiza. Muuzaji, kijana mwenye adabu, akanieleza kuwa mawaridi hutoka bara, upande wa Arusha, na hufika kwa boti, kwa hiyo nitangulize nusu ya fedha siku tatu kabla. "Maalim, unataka rangi gani? Kimo gani? Wageni wangapi?" Nikajibu yote. Hakuniuliza wageni wenyewe ni nani, wala mimi sikukumbuka kumwambia.

Siku ikafika, na ua likafika. Mhakiki mwadilifu huanza na sifa, nami nasema wazi kwamba kazi ilikuwa safi. Mawaridi 24 mekundu yalichomekwa katika sifongo ya kijani iliyoloweshwa maji, yakazungushiwa majani, yote ndani ya bakuli la kioo. Mashina yalikatwa sawasawa, na hapana ua lililomfunika mwenziwe. Mkono ule umefundishwa, ukafundishika.

Sasa nitaje kasoro. Ya kwanza ni mahali. Kwetu sisi, katikati ni pa chakula. Tukila mkekani, sinia huwekwa kati na watu wakalizunguka. Tukila mezani, pilau hukaa pale pale. Usiku ule pilau lilisogezwa pembeni kama mgeni asiyealikwa, na mimi sikuweza kumwona mwenzangu aliyeketi mbele yangu ila kwa kuchungulia baina ya majani.

Ya pili ni kubwa zaidi. Mawaridi yale hayakuwa na harufu. Hilo si kosa la muuzaji. Wakulima wa maua ya biashara, kwa miaka mingi, wamechagua mbegu zinazodumu chomboni na kustahimili safari, na harufu ndiyo iliyoachwa njiani. Lakini Mzanzibari na ua hukutana kwa pua kabla ya jicho. Asumini, mkadi na mrehani hutungwa kikuba. Langilangi humwagwa kitandani kwa bibi harusi. Mgeni hunyunyiziwa marashi na kufukizwa udi. Hata uchumi wetu uliegemea ua, kwani karafuu ni tumba linalochumwa kabla halijachanua. Dhoruba ya mwaka 1872 ilipoiangusha mikarafuu ya Unguja, hakuna aliyelilia rangi yake.

Mmoja katika wale saba, mzee mwenzangu aliyesomesha hesabu, amepoteza macho. Aliingia akiongozwa na mjukuu wake, akaketi karibu kabisa na bakuli lile, akala, akacheka nasi. Hapana hata mmoja aliyemwambia kuwa mbele yake pana maua, na yeye hakuwa na njia ya kujua. Nilipoliona hilo, tonge lilinikwama.

Mke wangu aliona kama nilivyoona. Alasiri ile alikuwa amemtuma mtoto kwa bibi mmoja wa Ng'ambo kununua asumini za kutia chumbani. Asumini huchumwa jioni zikiwa bado zimefumba, zikafumbuka usiku, na asubuhi zimeshageuka rangi. Haziagizwi siku tatu mbele wala hazipandi boti. Alizileta katika kisahani wakati wa kahawa, akakiweka karibu na kikombe cha yule mzee, bila ya kusema neno. Mzee akainua uso.

"Maalim," akasema, "sasa ndio nimejua kama nimealikwa."

Asumini zile zote hazikuzidi bei ya mawaridi mawili.

Msomaji asinifahamu vibaya. Sikatai mawaridi ya bara, na binti yangu alipiga picha nzuri ambazo mpaka leo zinamfurahisha. Kijana yule pia sitamlaumu, kwani alipewa rangi, kimo na idadi, akavitimiza. Ingelikuwa ni karatasi ya mtihani, ningeliandika chini yake kwa wino mwekundu: Kazi nzuri, lakini swali halikujibiwa. Kisha ningelikumbuka kuwa aliyetunga swali ni mimi, nikajikata alama mwenyewe. Maana nilihesabu wageni wangu kama viti, na miaka yote niliyosomesha nilikuwa nikiwaambia walimu wanafunzi wasihesabu darasa kabla ya kuwajua waliomo.