Huria kwa Nani? Uhakiki wa Dhana ya Ufikivu Huria na Nafasi ya Kiswahili katika Vyuo Vikuu vya Nchi Jirani

Ikisiri

Makala hii inahakiki dhana ya ufikivu huria wa maarifa kwa kuitazama kutoka upande wa Kiswahili kama lugha ya kitaaluma katika Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Hoja kuu ni kwamba uhuria unaopimwa kwa kigezo kimoja tu, yaani msomaji kutolipia, haujakamilika. Vigezo vingine viwili ni gharama anayobebeshwa mwandishi na lugha inayobeba maarifa yenyewe. Makala inapendekeza hatua tatu zilizo ndani ya uwezo wa vyuo vikuu.

Istilahi za msingi: ufikivu huria, sayansi huria, ada ya uchapishaji, hifadhi za kidijitali, Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mnamo Novemba 2021, Mkutano Mkuu wa 41 wa UNESCO ulipitisha mambo mawili yanayowagusa wanataaluma wa Kiswahili. La kwanza ni Pendekezo kuhusu Sayansi Huria, linalozitaka nchi wanachama kuyafanya maarifa ya kisayansi yapatikane, yafikiwe na yaweze kutumiwa tena na kila mtu. La pili ni kuitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Maazimio haya ni mapacha, lakini aghalabu yamelelewa katika nyumba mbili. La kwanza hujadiliwa na wakutubi na wakurugenzi wa utafiti. La pili husherehekewa na walimu wa lugha kwa ngonjera na hotuba. Utengano huo hautokani na waraka wenyewe, kwa kuwa Pendekezo hilo limetaja maarifa ya kisayansi ya lugha nyingi ndani ya fasili yake ya sayansi huria. Suala la lugha, kwa hiyo, si pambo lililoongezwa baadaye. Ni sehemu ya dhana yenyewe, nayo ndiyo sehemu iliyosahauliwa zaidi katika utekelezaji.

2.0 Neno na Dhana

Kiswahili kimelipa neno "huria" kazi nyingi. Kuna soko huria, ambamo mwenye mtaji huingia na asiye nao hutazama. Kuna chuo kikuu huria, kinachompelekea masomo mtu asiyeweza kuacha kazi au familia yake. Kuna pia programu huria, ambazo mtumiaji anaruhusiwa kuzifungua, kuzirekebisha na kuzigawa. Matumizi haya matatu hayana maana moja. La kwanza lasisitiza kutozuiwa, la pili kufikiwa, na la tatu kushiriki katika kuunda.

Azimio la Budapest la mwaka 2002, linalohesabiwa kuwa msingi wa harakati za ufikivu huria, lilikusudia zaidi ya kusoma bila malipo. Lilimruhusu msomaji kupakua, kunakili, kusambaza na kutumia matini kwa lengo lolote halali. Hata hivyo, azimio hilo lilimtazama mtu ambaye tayari yuko mlangoni, anayejua lugha iliyoandikwa juu ya mlango. Swali la nani anaweza kuandika, na kwa lugha gani, halikuwa kiini chake. Hapo ndipo uhakiki huu unapoanzia.

3.0 Mlango wa Msomaji na Mlango wa Mwandishi

Katika mfumo wa zamani, maktaba ililipia jarida ili msomaji asome. Katika mfumo ulioenea sasa, majarida mengi ya kibiashara humwondolea msomaji malipo na kumhamishia mwandishi kwa jina la ada ya uchapishaji. Mwaka 2021 jarida la Nature lilianza kutoza euro 9,500 kwa makala moja ya ufikivu huria. Majarida mengine hutoza kiasi kidogo zaidi, lakini kanuni ni ile ile: mkono mtupu haulambwi. Mhadhiri wa Bujumbura aliyekuwa akikosa kusoma sasa anasoma bure, ila akitaka kujibu alichokisoma anaombwa fedha ambazo chuo chake hakina.

Wachapishaji kadhaa husamehe ada hiyo kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini. Msamaha huo una faida, na si haki kuubeza. Lakini msamaha si haki. Vigezo vyake hupangwa na anayesamehe, hubadilika nchi inapohamishwa kutoka kundi moja hadi jingine, na humlazimu mtafiti kuthibitisha umaskini wake kabla ya kuthibitisha hoja yake.

Njia nyingine ipo. Mfumo wa SciELO ulioanzia Brazil mwaka 1998 umejengwa kwa kutegemea zaidi fedha za umma, na majarida yake huchapishwa kwa Kireno, Kihispania na Kiingereza. Mfano huo unaonyesha kwamba ufikivu huria unaweza kujengwa nyumbani, kwa lugha za nyumbani, bila kusubiri huruma ya soko. AfricArXiv, iliyoanzishwa mwaka 2018, nayo imefungua mlango wa kupokea miswada ya awali katika lugha za Kiafrika. Linalobaki ni kuona kama waandishi wa Kiswahili watapita mlangoni humo.

4.0 Kufuli ya Lugha

Ugonjwa mkali wa batobato ya mihogo ulienea kutoka Uganda hadi nchi jirani katika miaka ya 1990. Virusi havikuonyesha pasipoti. Maarifa juu yake, kinyume chake, husimama mpakani: utafiti wa Kampala na Kigali huandikwa kwa Kiingereza, wa Bujumbura na Bukavu kwa Kifaransa. Tasnifu mbili juu ya shamba la aina moja zinaweza zote kuwekwa mtandaoni bila malipo, na bado bwanashamba anayezungumza na mkulima kwa Kiswahili asifaidike na hata moja. Kwa kipimo cha kawaida, tasnifu hizo ni huria. Kwa bwanashamba huyo, zimefungwa.

Kiswahili ndicho chenye nafasi ya pekee ya kuivuka mipaka hiyo yote. Ni mojawapo ya lugha nne za taifa zinazotajwa na Katiba ya Kongo, na Rwanda ilikifanya lugha rasmi mwaka 2017. Hata hivyo, hadhi ya kisheria haijageuka kuwa hadhi ya kimaarifa. Mwaka 2021 AfricArXiv na jumuiya ya Masakhane zilitangaza mradi wa kutafsiri makala 180 za kisayansi katika lugha sita za Kiafrika: Kizulu, Kisotho cha Kaskazini, Kihausa, Kiyoruba, Luganda na Kiamhari. Kiswahili hakikuwamo. Kuchaguliwa kwa Luganda ni jambo la kupongezwa, na halipaswi kuamsha wivu. Funzo lililomo ni kwamba wingi wa wasemaji peke yake hauipi lugha nafasi katika sayansi huria. Nafasi hupatikana kwa kazi.

Kazi hiyo ina msingi. Mwaka 1990 TUKI ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Kwa hiyo, dai kwamba Kiswahili hakina istilahi za sayansi au za kompyuta halina mashiko. Tatizo ni kwamba istilahi iliyomo katika kitabu cha karatasi haimfikii mfasiri wa Goma asiye na nakala yake.

5.0 Pingamizi na Kujihakiki

Pingamizi kubwa ni kwamba makala ya Kiswahili hairejelewi kimataifa, hivyo humchelewesha mwandishi kupanda cheo. Pingamizi hili lina ukweli, lakini linachanganya sababu na matokeo. Kamati za kupandisha vyeo zinapoyapa majarida ya nje alama nyingi kuliko ya kanda bila kutazama ubora wa tathmini ya makala, zenyewe ndizo zinazozalisha ukosefu wa marejeleo unaolalamikiwa. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Katika kanuni za namna hiyo, mcheza kwao hupunguziwa alama.

Wanataaluma wa Kiswahili nao hawana budi kujihakiki. Makala za makongamano aghalabu huchapwa katika nakala chache, zikagawiwa waliohudhuria na kuishia makabatini mwao. Mtu hawezi kuushutumu ukuta wa malipo wa mchapishaji wa Ulaya huku akijenga ukuta wa kabati nyumbani kwake.

6.0 Hitimisho na Mapendekezo

Uhuria wa kweli una milango mitatu: wa kusoma, wa kuandika na wa kuelewa. Kufungua mmoja na kuiacha miwili si kufungua nyumba.

Hatua tatu zinapendekezwa. Kwanza, kila tasnifu inayowekwa katika hifadhi ya kidijitali ya chuo, katika fani yoyote, iambatane na ikisiri na istilahi za msingi kwa Kiswahili. DSpace, programu inayotumiwa sana kuendesha hifadhi hizo, ni huria, hivyo hata menyu zake zinaweza kufasiriwa. Pili, kanuni za kupandisha vyeo zitambue majarida ya kanda yasiyomtoza mwandishi wala msomaji, mradi yafuate tathmini ya makala iliyo thabiti. Tatu, kamusi za istilahi zilizotungwa kwa fedha za umma zitolewe mtandaoni kwa leseni huria.

Hatua hizi hazisubiri mfadhili mkubwa. Zinahitaji wakutubi na walimu wa Kiswahili wakae meza moja na kuyasoma maazimio ya Novemba 2021 kama waraka mmoja. Wasipofanya hivyo, 7 Julai itaendelea kuwa siku ya kukisifu Kiswahili kwa hotuba, na siku zilizosalia za mwaka zitabaki kuwa za kutafuta maarifa kwa lugha nyingine.