Tukifika kwenye teatre ya Lubumbashi, tutamkuta nani?

Mwaka jana nilishuka Lubumbashi kwa mambo ya diplome, na mchana mmoja nikabaki na masaa mawili bila kazi. Nikamwambia taximani anipeleke Théâtre de la Ville. Akanitazama kwenye kioo, akacheka kidogo.

"Mutoto ya mama, pale banacheza paka politiki."

Alinipeleka hata hivyo, na hakukosea. Jengo lipo, limesimama, lakini watu wa mji wanaliita Bâtiment du 30 Juin, na ndani yake ndimo linamokaa bunge la jimbo letu la Haut-Katanga. Nilisimama upande wa pili wa barabara, nikapiga picha moja kwa simu, nikaondoka.

Wenzangu wa chama, ninawasimulia hii kwa sababu ya ile karatasi ya safari ya mwezi wa nane inayopita mikononi mwetu wiki hii. Nimeisoma mara tatu. Basi ya kukodi imeandikwa, chakula kimeandikwa, mchango wa kila mmoja umeandikwa, mpaka rangi ya tisheti. Halafu, siku ya pili, mstari mmoja tu: "Kutembelea teatre katikati ya mji." Mchezo gani? Wa nani? Saa ngapi? Kwa lugha gani? Hakuna. Basi naomba niuhakiki huu mpango kama vile tungehakiki mchezo wenyewe. Franka ni zetu, na ndani ya ile basi kutakuwa na wadogo zetu kumi na wawili wa humanités ambao teatre pekee waliyoiona maishani ni ile ya Noeli kanisani.

Tuanze na neno. Makumbusho hutembelewa. Maporomoko ya maji hutembelewa, sisi tunajua. Teatre huangaliwa: watu wachache wanapanda mbele, wengine wanakaa gizani, kuna kitu kinatokea kati yao, halafu kinaisha. Ukifika na wale watu wa mbele hawapo, umeona viti. Na viti vyenyewe, pale mjini, ni vya wabunge.

Simkatalii mtu uzuri wa lile jengo. Lilijengwa katikati ya miaka ya 1950, mji ukiitwa bado Élisabethville, na kikundi cha msanifu majengo Mbelgiji Claude Strebelle. Wakati ule mji ulikuwa umekatwa vipande viwili: Wazungu katikati, Waafrika kule kwenye cité, na kati yao eneo tupu lililoachwa makusudi. Teatre iliwekwa upande gani, mnajua. Kwa hiyo tunapolia kwamba "tumenyang'anywa teatre yetu", tupunguze machozi. Babu zetu wa Kamalondo na wa Kenya (komini ya Lubumbashi, si nchi) hawakujengewa wao. Uhuru ulikuja, jengo likapewa tarehe ya uhuru, 30 Juni, na wenye nchi wakaingia. Walioingia wakakaa ni wanasiasa.

Bado kuna jambo linaniuma. Jukwaa hujengwa ili mtu apande amwige chifu, watu wacheke, ashuke, arudi kwake alale usingizi. Ukimweka chifu mwenyewe juu ya lile jukwaa, nani tena atamwiga? Jimbo linahitaji mahali pa bunge, sawa. Lakini Katanga ya zamani iligawanywa majimbo manne mwaka 2015, letu likabaki kipande, na bunge lake linaendelea kukaa katika nyumba ya waigizaji. Ukumbi wa mikutano unaweza kujengwa popote, hata bati na kuta nne zinatosha. Jukwaa lenye nafasi ya taa, ya mapazia, na ya sauti kufika mpaka kiti cha nyuma bila maikrofoni, hilo si kitu cha kila siku.

Sasa niseme kile ambacho mpango wetu haukukijua kabisa. Teatre ya Kiswahili ya Katanga haikutoka katika lile jengo. Ilitoka komini ya Kenya. Huko ndiko walikotokea JECOKE, yaani Jeunes Comiques de la Kenya, vijana wa kuimba, kucheza na kuchekesha, na humo ndimo alimotoka Mufwankolo, aliyekuja kuwa na troupe yenye jina lake. Redio ikawachukua, televisheni ikawachukua. Kwetu nyumbani, ukimtajia mzee wangu jina la Mufwankolo, anaanza kucheka kabla hujasema mchezo gani. Na walicheza kwa Kiswahili chetu hiki cha barabarani na cha jikoni. Kile Kiswahili bora cha kitabuni, ambacho mimi mwenyewe najikaza kuandika hapa, waliwaachia walimu.

Kuna mchezo mmoja wa hawa watu ambao ningependa kila mmoja wetu aujue kabla ya kupanda basi. Mwaka 1986, jimbo likiitwa Shaba, mwanaantropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha chuo kikuu cha Lubumbashi, alisikia msemo kwa Kifaransa: le pouvoir se mange entier, utawala huliwa mzima. Akaanza kuulizauliza maana yake. Akawafikia watu wa Mufwankolo, nao badala ya kumjibu tu wakaamua kuutengenezea mchezo. Fabian akarekodi kila kitu: mazungumzo ya mwanzo, mazoezi, mpaka mchezo uliotayarishwa kwa televisheni. Kitabu chake, Power and Performance, kilitoka mwaka 1990, na ndani yake maneno ya waigizaji yamechapwa kwa Kiswahili cha Lubumbashi, vile vile walivyoyasema. Mimi nimekisoma kwenye simu, kipande kipande, usiku, chaji ikiniruhusu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona namna mama yangu anavyoongea ikiwa imechapwa katika kitabu cha chuo kikuu.

Hawakuwa na maandishi ya kukariri. Wanakubaliana tu: hapa chifu ataingia, hapa watu watagombana, hapa mambo yataharibika. Maneno, kila mtu anayaleta siku hiyo kutoka kichwani mwake. Kwa sisi tuliolelewa shuleni kwa kukariri, mpaka mtihani wa État, hiyo peke yake ni somo. Na niseme wazi, mazoezi yamenipendeza kuliko mchezo wa mwisho. Kwenye mazoezi unasikia watu wanatafuta. Kwenye mchezo wa mwisho wameshapata, na mara nyingine wanahubiri kidogo.

Hadithi imewekwa kijijini, kwa chifu. Ni wakati wa Mobutu, nani angethubutu kuiweka mahali pengine? Mtazamaji alijua mwenyewe pa kuelekeza macho. Hapo ndipo penye nguvu ya mchezo, na hapo hapo ndipo penye udhaifu wake: ukificha sana, hata mkubwa unayemsema anaweza kukaa mbele, akapiga makofi, akarudi kwake salama. Msemo wenyewe nausikia kwa namna mbili. Ya kwanza ni ile ya haraka, kwamba mkubwa hagawi. Ya pili ndiyo imenishika: kwamba aliyeutaka utawala aule wote, pamoja na mifupa yake, yaani lawama, usingizi unaokatika, maneno ya watu sokoni. Asichague nyama akatuachia mifupa. Sioni mchezo gani mwingine ungefaa kuchezwa juu ya jukwaa la Bâtiment du 30 Juin, wabunge wakiwa wamekaa chini kama watazamaji.

Najua atakayenijibu: bila jengo, teatre ni mchezo wa watoto. Basi tutoke kidogo hapa kwetu, tuangalie Kenya, safari hii nchi. Nairobi walikuwa na Kenya National Theatre tangu 1952, jengo la kweli. Mwaka 1976, miaka 13 baada ya uhuru, mchezo wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo juu ya Dedan Kimathi ulibanwa humo siku chache tu, kati ya michezo ya Wazungu. Mwaka uliofuata wanakijiji wa Kamiriithu, karibu na Limuru, wakajijengea jukwaa lao la wazi, wakacheza Ngaahika Ndeenda kwa Kikuyu, lugha yao. Watu wakakodi mabasi kwenda kijijini kuuona. Serikali ikafuta kibali Novemba 1977, mwisho wa mwaka Ngũgĩ akakamatwa, na 1982 lile jukwaa likabomolewa. Jengo la mjini halikuguswa na mtu.

Nimetaja mabasi makusudi, kwa sababu hapo ndipo mpango wetu unaponitia wasiwasi zaidi. Michezo ya mjini huanza jioni. Anayekaa Katuba, mchezo ukiisha, anapanda taxi-bus, analala kwake. Sisi tuko na kilomita kama 70 mpaka Likasi, vumbi tupu, halafu 120 hivi mpaka Lubumbashi. Mchezo wa saa moja ya jioni, kwa mtu wa Mwadingusha, ni kulala mjini. Karatasi yetu imeandika mbele ya malazi: "tutaona." Mzazi gani atamtoa binti wa miaka kumi na sita kwa "tutaona"? Mama mmoja wa hapa amekwisha jibu, nilikuwepo: "Teatre ya usiku? Apana. Baliete hapa, ile teatre yabo." Alisema kwa hasira, vijana wakacheka. Mimi naona ni uhakiki bora kuliko huu wangu, na mfupi.

Maana fikirieni tuko wapi. Maji ya Lufira yanazungusha mitambo hapa kwetu tangu 1930, enzi za Union Minière. Mwaka 2021 mitambo ilimalizika kutengenezwa upya, megawati 78, na umeme wake ni wa kusaidia mgodi wa Kamoa-Kakula, kule upande wa Kolwezi. Tumezoea vitu kuondoka hapa kwenda mbali, juu ya nguzo, juu ya vichwa vyetu. Vijana nao wanaondoka hivyo hivyo. Wazo kwamba kitu kinaweza kuja upande huu, hata troupe ya watu wanane na ngoma mbili, halikuingia kwenye karatasi kabisa. Na tuko na uwanja. Mwezi wa nane hakuna mvua.

Safari yenyewe siipingi. Wale wadogo waione Lubumbashi, waione na chuo kikuu, wasije wakafika siku ya kujiandikisha wakashangaa. Ila tugeuze mpangilio: kwanza troupe, halafu tarehe, halafu basi. Sasa hivi tumeanza na basi. Programu ya Halle de l'Étoile, ile ya Institut français katikati ya mji, tuiulize mapema, na tujue mapema kama tutakachosikia ni Kifaransa, ili tuwatayarishe watoto. Lakini mimi ningechagua mazoezi. Troupe ikifanya mazoezi mchana, tunaomba kukaa pembeni masaa mawili. Wataona mtu mzima anakosea, anarudia, anagombana na mwenzake juu ya neno moja, halafu ghafla wote wanacheka kwa sababu limepatikana. Saa kumi tuko barabarani tunarudi, hakuna wa kulala mjini. Bâtiment du 30 Juin tutalipitia pia, robo saa inatosha, kwa nje, na mtu mmoja atusimulie lilikuwa nini na limekuwa nini. Franka za malazi zitakazobaki, tuwape hao hao waigizaji kama nauli ya kuja kwetu.

Jumapili kwenye mkutano, ule mstari wa siku ya pili nitaupigia kura ya hapana kama ulivyo. Mwenye kumjua mtu wa troupe yoyote ya Kenya, Katuba au Ruashi, aje na namba yake. Tisheti zingoje.