Walimu wa Wodini

Mafunzo ya vitendo ndiyo yanayomkomaza mwanafunzi wa uuguzi, na wauguzi wa zamu wanaoyabeba wanastahili pongezi nyingi kuliko wanazopewa. Nchini Tanzania, stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 3, na mwanafunzi hupelekwa wodini, kliniki ya mama na mtoto na chumba cha kujifungulia.

Huko hujifunza mambo yanayoonekana mepesi kitabuni. Kuhesabu pumzi za mtoto, kwa mfano: mwanafunzi hutazama kifua dakika 1 nzima, mtoto akiwa ametulia mikononi mwa mama, kabla hata ya kumgusa. Akilia, hesabu imeharibika, ianze upya. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni kupumua kwa kasi. Muuguzi mzoefu husimama kando akihesabu kimyakimya, kisha hulinganisha, huku foleni ikimngoja. Subira hiyo haina mtihani.

Mwenye shahada ya uuguzi huongeza mwaka 1 wa mafunzo tarajali. Leseni ya kazi hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, lakini ustadi hujengwa wodini. Kwa hiyo hospitali ziwatengee wauguzi wa zamu muda rasmi wa kufundisha.