Sikio Kabla ya Kalamu

Kuipatia lugha maandishi ni ufundi wa sikio kabla haujawa ufundi wa kalamu. Fundi huketi na wenye lugha, akapambanua ni sauti ipi inabadili maana na ipi ni lafudhi tu, ndipo akagawa herufi. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haionekani: mtu anasoma, basi. Kampala ina mfano wake bora, nao ni tahajia ya Kiganda iliyokubaliwa mwaka 1947.

Herufi za kwanza kufika ikulu ya Buganda zilikuwa za Kiarabu, zilizokuja na wafanyabiashara wa pwani pamoja na Kiswahili chao. Kabaka Muteesa wa Kwanza, mfalme aliyetawala kuanzia 1856 hadi 1884, alizisoma. Wamisionari wa Kianglikana walifika 1877, na Alexander Mackay, aliyewafuata mwaka mmoja baadaye, akaanzisha uchapaji. Wakatoliki wakaja 1879. Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika 1896 kwa juhudi za George Pilkington na Henry Wright Duta Kitakule. Ila kila dhehebu lilikuwa na mazoea yake ya kuandika, na kilima cha Wakatoliki cha Lubaga na kile cha Waanglikana cha Namirembe, vinavyotazamana, vikawa na tahajia mbili za lugha moja.

Ugumu wenyewe ulikuwa kwenye urefu. Katika Kiganda irabu huvutwa, na konsonanti nazo huvutwa, na yote mawili yanageuza maana. Okusima ni kuchimba, okusiima ni kuridhika na kushukuru. Okugula ni kununua, okuggula ni kufungua. Okuta ni kuachilia, okutta ni kuua. Karani wa hukumu akiongeza t moja, aliyestahili kwenda nyumbani anapelekwa kunyongwa.

Mkutano wa Waganda wote wa 1947 ulichukua njia nyepesi kuieleza na ngumu kuibuni: kinachovutwa kiandikwe mara mbili. Hakuna vistari juu ya herufi, hakuna alama za kumsumbua mchapaji. Lakini uzuri wa tahajia hii umo zaidi katika yale yaliyoachwa. Irabu inayotangulia nd, mb au nk hurefuka yenyewe, kwa hiyo genda inatosheka na e moja. Irabu inayofuata w iliyobebwa na konsonanti, kama katika okulwana, nayo hurefuka bila kusaidiwa, na tahajia haiigusi. Herufi ya pili inawekwa pale tu ambapo msomaji asingeweza kujua urefu bila kuoneshwa. Fundi asiye makini angerudia herufi kila mahali aliposikia mvuto, na ukurasa ungejaa.

Sheria ya l na r ina ustadi uleule. Sikio la Mganda husikia hapo sauti moja yenye sura mbili, kwa hiyo r huandikwa baada ya e na i, na l kwingineko. Ndiyo maana Makerere ina r zake kwa haki, na kilima cha Wakatoliki ni Lubaga, si Rubaga. Herufi ŋ nayo ilipewa nafasi: ngoma ya Waswahili kule ni eŋŋoma. Toni iliachwa bila alama, ingawa Kiganda ni lugha ya toni. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, kwa kuwa mwenye lugha haikosei, na asiyeijua amewekewa alama hizo katika kamusi ya Snoxall ya 1967.

Walioshughulikia lugha hii hawakuwa wageni peke yao. Eridadi Mulira, mwalimu na mwenye gazeti la Uganda Empya, aliyeanzisha chama cha Progressive Party mwaka 1955, alirekebisha kamusi ya Kiganda na Kiingereza pamoja na mwenzake Ndawula mwaka 1952. Miaka miwili baadaye wote wawili walikuwa miongoni mwa waandishi wa sarufi kubwa ya Kiganda, wakiwa na Ethel Ashton, yuleyule wa sarufi ya Kiswahili, na Archibald Tucker wa London. Mwanasiasa wa leo anayejua kwa nini genda ina e moja ni nadra kumpata.

Uzembe wa sasa unaonekana barabarani. Jiji linaendelea kuandika Rubaga, Mengo, Jinja, wakati masikio yanasikia Lubaga, Mmengo, Jjinja. Majina yaliyokwisha kuganda kwenye ramani yanaweza kusamehewa; matangazo mapya hayana udhuru. Vibonye vya kawaida vya simu havioneshi ŋ, na konsonanti ya pili huangushwa kuokoa sekunde. Shule nyingi za mjini hufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, na mtoto huja kukiandika Kiganda kama anavyokisia. Waziri mkuu wa Buganda wa zamani aliyechapwa katika vitabu vyake kwa jina la Kagwa alirudishiwa g yake, akawa Kaggwa. Wajukuu wa zama zake wanaiondoa tena.

Vitabu havijakosekana. Mwaka 2007 ilitoka Enkuluze ya Oluganda ey'e Makerere, kamusi ya Kiganda kwa Kiganda. Anayechora bango, anayetunga tangazo na anayesajili jina la mtoto Kampala na waifungue kwanza, au wamwombe mzee mmoja alitamke neno polepole kabla rangi haijakauka.